Hesabu ya Kiangazi

Siku aliyoripoti kazini kwa mafunzo ya vitendo walimuuliza kama anajua kutumia mashine ya kudurufu. Mwaka wa tatu wa chuo, masomo ya mazingira, alama ambazo shangazi yake alikuwa akiwatajia hata wateja waliokuja kupunguziwa suruali, halafu swali la kwanza likawa hilo. Akasema anajua. Hakujua, lakini nani anakubali kuwa mjinga siku ya kwanza?

Shirika, la kupanda miti, lilikuwa katika nyumba ya kupanga iliyojengwa kwa ajili ya familia yenye watoto wengi. Sebuleni alikaa mratibu, vyumba vya kulala vilijaa meza, na jikoni kulirundikwa viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche, mpaka dirisha likawa halifunguki. Mashine ya kudurufu iliwekwa bafuni, waya wake umepitishwa chini ya mlango. Ukitaka kudurufu unapiga hodi kwanza, maana huwezi kujua nani yuko ndani na anafanya nini.

Wiki tatu za mwanzo hakuona mti hata mmoja, ukiacha ule wa kwenye bango ukutani. Alidurufu, alichemsha chai, alichapa orodha za mahudhurio ya semina ambazo yeye mwenyewe hakuhudhuria. Na kila alichokisikia alikiandika. Alikuwa na daftari la jalada gumu, kubwa kupita kiasi, na halikumtoka mkononi. Dereva wa shirika, mtu wa maneno asiyeweza kukaa na jambo tumboni hata kwa dakika mbili, ndiye aliyembatiza.

"Huyu sasa ni Daftari," alisema. "Kaeni chonjo. Hata ukipiga chafya ataandika tarehe na saa."

Jina likanasa. Mratibu naye akalitumia, ingawa yeye hakuwa mtu wa utani. Alikuwa mwanamume nadhifu, mwenye mashati yaliyopigwa pasi hadi mikunjo ya mikono, na kila sentensi yake ilipitia neno "kitaalamu". Kitaalamu tunachelewa. Kitaalamu chai hii haina sukari. Msomi wa uongozi alikuwa, na uongozi aliuweza. Miti aliijua kwa idadi.

Wiki ya nne ndipo Daftari alipotolewa bafuni na kupelekwa kitaluni, na hapo ndipo alipokutana na Mama Miche.

Kitalu kilikuwa pembezoni mwa mji, chini ya mteremko mrefu wa kilima. Kati ya kitalu na mteremko palipangana nyumba za bati kama hamsini hivi. Mama Miche alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye viganja vilivyopasuka na ulimi usiolala njaa. Alimpima binti yule kuanzia viatu hadi nywele, halafu akamkabidhi koleo.

"Daftari lako weka pale kwenye kivuli, mwanangu. Mboji haiandikwi, inachanganywa."

Kufikia mchana malengelenge yalikuwa yamemtoka Daftari vidole vyote. Viriba alivyojaza yeye vilisimama upande upande, na Mama Miche alivitazama akacheka mpaka akashika mbavu. "Hivi vimelewa hivi! Nani kavipa pombe?" Kisha akachuchumaa karibu yake, akamfundisha kugonga kitako cha kiriba mara mbili ili udongo ushuke bila kubanana. Tangu siku hiyo alimwita mwanangu, na hakumwita vingine. Saa ya kula alimgawia nusu ya alichonacho bila kumuuliza kama ana njaa. Daftari, ambaye mama yake alifariki yeye akiwa darasa la pili, alirudi nyumbani kwa shangazi na mikono inayowaka moto na moyo mwepesi kabisa.

Habari ya mteremko alipewa na dereva, njiani, siku ya pili yake.

Miaka sita iliyopita mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Mume wa Mama Miche, fundi mwashi, alipanda juu na koleo lake kwenda kuchimba mfereji ili maji yasiingie nyumbani kwa watu. Mteremko ukaporomoka naye. Nyumba tisa za juu zilifunikwa, lakini wenyewe walikwishatoka kwa sababu yeye ndiye aliyewagongea milango. Watu walichimba siku nane. Walipata koleo. Yeye hawakumpata.

"Mji ukapiga marufuku kujenga pale," dereva alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Mteremko wakalikabidhi shirika lipande miti. Huyu mama akaja ofisini akasema, kazi hiyo ni yangu. Hakuomba. Alisema."

Daftari hakujua kama ni adabu kumuuliza mtu jambo kama hilo, kwa hiyo hakuuliza. Mama Miche mwenyewe ndiye aliyelitaja, siku moja wakimwagilia, kwa sauti ile ile aliyotumia kuzungumzia mboji.

"Sikujua yuko sehemu gani. Basi nimepanda kote."

Na kweli alikuwa amepanda kote. Miche elfu kadhaa, miaka mitano, mistari inayofuata kilima kutoka nyumba za bati hadi kileleni. Daftari aliuona mteremko ule wakati wa kiangazi kikali, vumbi limejaa hewani, na alichokiona ni fito za kijivu, nyingi zikiwa tupu, na hapa na pale mti wenye majani. Alimwonea huruma Mama Miche.

Sasa, kila mwaka shirika lilihesabu miti ya mteremko, ingapi hai na ingapi imekufa, na takwimu zikapelekwa kwa wafadhili. Kawaida hesabu ilifanywa baada ya mvua, na Mama Miche ndiye aliyeongoza wahesabuji. Mwaka huo mambo mawili yalibadilika. Wafadhili walitaka takwimu mapema kwa sababu mwaka wao wa kazi ulikuwa unafungwa. Na mratibu akaamua kwamba, kitaalamu, mtu hawezi kujihesabia miche yake mwenyewe. Anatakiwa mtu wa nje, asiye na maslahi. Akamtazama Daftari.

Hapo ndipo kichwa kilipomvimba. Tuseme ukweli, kilimvimba. Aliyekuwa bafuni wiki tano zilizopita leo anakabidhiwa hesabu ya mwaka mzima! Alipewa fomu, utepe wa bluu wa miti hai na utepe mwekundu wa iliyokufa. Fomu yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja, na maelezo yake yalikuwa mafupi. Hai: wenye majani. Uliokufa: usio na majani. Ilitungwa na mtu aliyejua kwamba watahesabu baada ya mvua, lakini hilo halikuandikwa popote.

Mama Miche alimkuta anafunga kamba za viatu.

"Ngoja nivae kofia twende wote, mwanangu."

"Hapana, mama. Safari hii nimeambiwa niende mwenyewe. Ni utaratibu tu."

"Utaratibu gani wa kunizuia nisipande kilima changu?"

"Ili hesabu iaminike, mama. Tafadhali usichukie."

Mama Miche alisimama na kofia mkononi. Kisha akaipachika tena kwenye msumari. "Haya. Nenda. Angalia usiteleze."

Alihesabu siku nne. Jua lilimchoma shingo mpaka ngozi ikabanduka, na hakuruka hata mti mmoja katika vipande vichache alivyopangiwa kuwa kielelezo cha mteremko mzima, maana kazi aliipenda na uvivu hakuwa nao. Siku ya pili alikamata fito moja tupu ili ajivute juu, ikapinda mkononi mwake, laini, haikukatika. Alisimama akaitazama. Akaangalia fomu. Usio na majani. Akafunga utepe mwekundu, akaendelea mbele.

Mwaka wa pili chuoni alifundishwa miti inayopukutisha majani yote kiangazi ili isife kwa kiu. Swali lilitoka kwenye mtihani, akalijibu, akapata alama zote. Lakini lile lilikuwa jambo la kwenye karatasi, na huku alikuwa juani na fomu mkononi, na vitu hivyo viwili havikukutana kichwani mwake. Mama Miche naye hakumwonya, kwa sababu halikumpitia akilini kwamba mtu anaweza kutojua. Ingekuwa kama kumkumbusha mtu kwamba anayesinzia si maiti.

Miti mia sita na arobaini ilihesabiwa. Mia nne hamsini na tano ilifungwa utepe mwekundu.

Mratibu alizisoma takwimu mara mbili. Mwaka uliotangulia karibu miti yote ilikuwa hai. "Ukame," alisema hatimaye, kama mtu anayejijibu. Kisha akamsifu Daftari kwa kazi safi, akatia saini, akatuma. Kileleni hakuwa amefika hata siku moja, viatu vyake havikuwa vya kupandia kilima. Nyumbani, shangazi alizima cherehani ili asikie vizuri, akataka arudiwe yale maneno ya mratibu, neno kwa neno.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili na nusu. Wafadhili walisikitika. Kwa vifo vingi namna hiyo, mradi wa mteremko haukuwa na maana tena, wangeelekeza nguvu kwingine. Barua ikapelekwa na kwa wakuu wa mji, na wakuu wa mji hawakupoteza muda. Walikuwa wanajenga barabara, walihitaji kifusi na mawe, na kilima kisicho na miti kilikuwa kilima tu cha kuchimbwa. Dereva alitumwa kupeleka habari kitaluni. Daftari aliomba kwenda naye, akifikiri atamfariji Mama Miche.

Mama Miche alisikiliza habari yote amesimama, keni ya kumwagilia mkononi, maji yakimdondokea miguuni.

"Imekufa mingapi?"

Daftari akataja.

"Ipi?"

"Ile isiyo na majani, mama."

Mama Miche aliweka keni chini. Alimtazama Daftari muda mrefu, si kwa hasira, kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia. Halafu akamshika mkono, akapanda naye mteremko bila kofia, dereva akiwafuata huku anahema. Kwenye mti wa kwanza wenye utepe mwekundu akakwangua gome kwa ukucha. Chini ya ngozi ya kijivu palikuwa pabichi, kijani, pana majimaji. Akaenda wa pili. Kijani. Wa tatu, wa nne, wa tano. Alikwangua mpaka ukucha ukavuja damu.

"Inapukutisha, mwanangu," alisema. "Kila kiangazi inapukutisha. Mvua ya kwanza tu, wiki haiishi, ina majani. Hukujua?"

Daftari alilitazama gome lililokwanguliwa. Alijua. Hilo ndilo lililomuua, kwamba alijua. Akaketi palepale kwenye vumbi akalia, na Mama Miche, mwenye msiba, akainama akampangusa uso kwa kitenge chake.

"Basi. Makosa hayana mwenyewe. Wewe ndiye uliyeandika, wewe ndiye utakayewaambia. Nenda kawaambie. Wewe wa ofisini watakusikiliza, mimi wataniona mwanamke wa kitaluni ninayelilia kibarua changu."

"Nitawaambia, mama. Leo hii hii."

Na kweli alikwenda siku hiyo hiyo. Tumpe haki yake. Alipiga hodi kwa mratibu na vumbi la kilima bado liko kwenye sketi, akaeleza kila kitu, fomu, fito iliyopinda, gome la kijani. Mratibu alisimama akafunga mlango. Alirudi kwenye kiti chake, akapanga kalamu zake, akazipangua.

"Kitaalamu," alianza, halafu akaliacha neno hilo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. "Sikiliza, mdogo wangu. Ripoti ile ina saini yangu. Nikiwaandikia leo kwamba tulihesabu miti hai tukaiita mifu, wataniuliza tumekosea wapi pengine. Tuna vitalu viwili vingine, na kila kimoja kina watu wanaokula kwa ajili yake. Unanielewa?"

"Ninakuelewa. Lakini yule mama..."

"Niachie mimi. Nitatafuta njia ya kulisema bila kuchoma nyumba nzima. Nipe siku chache, na usilizungumze huko nje." Akavuta droo, akatoa fomu ya chuo, ile ya tathmini ya mafunzo kwa vitendo, akaiweka mbele yake. "Hii naisaini Ijumaa ya wiki ijayo. Umefanya kazi nzuri sana hapa."

Hakumtisha. Hata tabasamu alitoa. Na Daftari, ambaye alikuwa ameingia mle roho mkononi, alihisi mzigo unamtoka mabegani. Amekwishasema. Sasa liko kwa mkubwa. Akasema ahsante.

Kutoka siku ile hadi Ijumaa ya saini zilikuwa siku tisa.

Siku ya pili alipita mlangoni kwa mratibu mara nne, na mara zote nne alikuwa kwenye simu. Siku ya tatu alimuuliza, akajibiwa kwamba bado anatafakari lugha ya kutumia. Siku ya nne hakuuliza. Anwani ya wafadhili alikuwa nayo, ilikuwa kwenye kila barua aliyoidurufu bafuni. Jioni moja aliandika barua nzima katika lile daftari, ukurasa na nusu, akaisoma, ikawa kweli tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Akafunga daftari.

Alimwambia shangazi, lakini nusu tu. Alisema kuna kosa ofisini na mkubwa amesema litanyamaziwa kwa muda. Shangazi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, jicho moja amelifumba.

"Kosa la nani?"

"Langu."

Shangazi aliacha uzi. Alikuwa amemlea kwa vyumba viwili na cherehani moja, hakuwahi kumnyima kitabu. "Umebakiza mwaka mmoja," alisema taratibu. "Nyamaza, saini itoke, umalize. Ukishakuwa mtu utawasaidia watu." Alisema kwa mapenzi, na Daftari alilipokea neno lile kwa pupa, maana ndilo alilokuwa anatamani kulisikia.

Mama Miche alipiga simu mara mbili. Mara ya kwanza, siku ya tano.

"Mwanangu, vipi huko?"

"Linashughulikiwa, mama."

"Ahsante. Mungu akubariki."

Mara ya pili ilikuwa siku ya saba, na sauti yake ilikuwa juu, ya furaha, kwa sababu mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. "Imeanza kuchipua! Njoo uone, mwanangu! Vile vyekundu vyako vyote vinachipua!" Akacheka. "Vipi, bado wanashughulikia?"

"Bado, mama. Hivi karibuni."

Alipokata simu alikwenda bafuni, akafungulia bomba la maji, akasimama pale mpaka mtu akapiga hodi anataka kudurufu.

Ijumaa asubuhi mratibu alisaini. Alimpa alama za juu kuliko zote, akaandika kwa mkono wake kwamba mwanafunzi huyu ni mwaminifu, makini, na anajua kufuata utaratibu. Akaitia katika bahasha yenye nembo ya shirika, akaipiga muhuri. Daftari aliuliza habari ya mteremko. Mratibu alitazama dirishani.

"Nimejitahidi kutafuta pa kuanzia," alisema. "Nadhani limekwisha kuwa kubwa kuliko sisi."

Aliomba ruhusa ya kwenda kitaluni kuaga. Dereva alimpeleka bila kusema neno njia nzima, na kwa mtu kama yule, hiyo peke yake ilitosha kumwambia kitu. Kabla hawajafika walisikia mngurumo.

Katapila lilikuwa juu ya mteremko tangu alfajiri. Lilikwishakwangua sehemu yote ya kileleni, udongo mwekundu uko wazi, na miti imelazwa pembeni rundo moja juu ya jingine. Chini ya pale mistari iliyobaki ilisimama katika majani mapya, kijani kibichi cha siku mbili tatu, na katika vile vipande vya hesabu mti baada ya mti ulikuwa na utepe wake mwekundu. Watu wa nyumba za bati walikuwa wamesimama nje ya milango yao, wengine wamebeba watoto. Na Mama Miche alikuwa anakuja mbio barabarani, kitenge kimemlegea, moja kwa moja kwenye gari.

"Umefika!" alisema, akamshika mikono yote miwili. "Nimewaambia hawa, tulieni, mwanangu anakuja. Nipe! Nipe hiyo barua nimkimbilie huyo wa katapila kabla hajashuka huku chini!"

Macho yake yalikuwa kwenye bahasha. Nembo ya shirika, muhuri mbichi.

"Mama..."

"Nipe, mwanangu, tutasalimiana baadaye!"

"Mama, hii si barua ya kusimamisha." Sauti yake ilitoka ndogo sana. "Hii ni ya chuo. Ni ya kwangu."

Mama Miche hakuelewa. Ilionekana usoni kwamba hakuelewa, bado mkono wake umenyooka. "Ya kusimamisha iko wapi?"

"Haipo."

"Waliikataa?"

Hapo angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na Mama Miche angemwamini, angewalaani wafadhili na wakuu wa mji, na angemkumbatia yeye. Lilifika mpaka kwenye ulimi.

"Hakuna aliyeandika, mama. Nilimwambia mratibu siku ile ile, akasema nimwachie. Nikamwachia. Nilikuwa nasubiri anisainie hii. Ulipopiga simu nilikudanganya, mara zote mbili."

Katapila lilinguruma, likarudi nyuma, likasonga tena. Mama Miche alishusha mkono. Uso wake ulizeeka palepale, na Daftari aliona jinsi ulivyozeeka.

"Siku ya tatu," alisema, "hawa wote walitaka twende kwa wakuu wa mji. Wanaume, wanawake, wote. Walikwisha kukubaliana. Tungekaa pale mlangoni na matawi mikononi, tuyakwangue gome, waone ubichi wenyewe. Mimi ndiye niliyewazuia. Nikasema tusivuruge, mwanangu yuko ofisini, anatupigania, tukipiga kelele tutamharibia." Akatazama juu, kwenye katapila. "Ungeniambia tu huwezi. Ningekwenda mwenyewe."

"Nisamehe, mama." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Nisamehe."

"Usinililie hapa," Mama Miche alisema, taratibu, bila ukali. "Mimi sijalia bado."

Alifunga kitenge chake vizuri. Kisha akageuka, akawaendea majirani zake kuwaambia kwamba hakuna barua, na Daftari akabaki na bahasha, akiwatazama watu wakilipokea neno lile mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja alikaa chini mlangoni. Mwanamke aliyebeba mtoto alitazama juu, ule udongo mwekundu usiokuwa na kitu cha kuuzuia, na mvua zenyewe ndiyo kwanza zimeanza.

Dereva alikuwa anamsubiri garini. Hakwenda garini. Alipanda mteremko, akiteleza katika tope, mpaka akafika karibu na katapila. Opereta wake alikuwa kijana kama yeye, masikio ameyaziba kwa pamba. Alipomwona alizima mashine, akashuka, labda alifikiri ameletewa ujumbe. Alikuwa ameshika tawi moja lenye majani machanga, analigeuzageuza.

"Dada, wewe si wa lile shirika?" aliuliza. "Hebu nisaidie. Niliambiwa hapa nitakuta miti mikavu tu, imekufa zamani. Tangu asubuhi naingoa, yote ina majani. Nani aliyewaambia imekufa?"

Huko chini Mama Miche alikuwa amefika kwenye nyumba ya mwisho.

"Mimi," Daftari alisema.

Kijana alimtazama, akangoja kama kuna zaidi. Aliliweka tawi chini pembeni, mahali lisipokanyagwa, akapanda tena kwenye kiti chake na kuwasha mashine.